Futi Nane za Gunga

Saadia alipokita miguu mitatu ya mashine yake mbele ya nyumba ya mwisho, bibi mmoja aliyekuwa akitoka na beseni la nguo alisimama mlangoni, akaitazama mashine, na beseni likamponyoka. Maji ya sabuni yalitiririka mpaka kwenye viatu vya Joab, msaidizi wa Saadia. Bibi hakuinama kuokota kitu. Alishika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeizuia nyumba isimwangukie.

"Mumerudi," alisema. "Mumerudi kuvunja iliyobaki."

"Shikamoo, mama. Hatukuja kuvunja."

Hakuitikia. 

Ilikuwa Julai ya mwaka tisini na sita, Majengo, Mombasa. Aliyetafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na miaka ile wengi mjini walikuwa wametafunwa. Uwanja ambao watoto walichezea jana, leo una ukuta, na mwenye ukuta ana karatasi. Kwa hivyo Saadia hajamaliza kuisawazisha mashine, watu ishirini walikuwa wamekwisha kumzunguka, wamekunja mikono, wamsubiri aseme.

"Ni kazi ya Bwana Yazid, mwenye ghala hilo la jirani," alisema. "Ataka kujenga ghorofa. Amesema apimiwe mpaka wake kwanza asije akala cha mtu. Mimi natafuta bikoni tu, zile alama za mpaka."

"Bikoni," bibi alirudia, kama atajaye jina la maradhi.

Mwanamume wa makamo akapenya katikati ya watu, akamshika bibi mabega, akamketisha kwenye kigoda. Alikuwa Kazungu, karani wa bandarini, na yule bibi alikuwa mamake, Dama. Alipokwisha kumtuliza alimgeukia Saadia, kwa adabu lakini kavu.

"Usimlaumu, dada. Nyumba hini ilikatwa. Mwaka hamsini na moja walikuja wapimaji na mnyororo, wakasema babangu Gunga amejenga futi nane nje ya kiwanja chake. Ikatoka amri, ukavunjwa upande mzima. Wauona ukuta ule? Huku kwengine kote ni mawe. Ule ni udongo. Babangu hakupata nafasi ya kuurudishia."

Saadia akatazama. Kweli, nyumba ilikuwa kama mkate uliokatwa kipande. Mlango, uliotakikana uwe katikati, ulikuwa karibu na pembe.

Alikuwa na miaka thelathini, na wanawake wapima ardhi mjini wangehesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kazi hii aliipendea kwa babake. Mzee Kamaludin alikuwa mshika mnyororo kwa miaka thelathini na minne, katika kampuni ile ile ambayo sasa Saadia aliifanyia kazi. Watoto wengine walilazwa kwa hadithi za sungura na fisi. Saadia alilazwa kwa hadithi za vipimo. Alijua kwamba hapo kale watu walipima kwa kamba, na kamba mvua ikiinyea hufupika, jua likiiwakia hulegea, kwa hivyo shamba la masika halikuwa sawa na shamba la kaskazi. Alijua ulivyokuja mnyororo wa chuma, futi mia, pingili mia, kila pingili futi moja, na kila baada ya pingili kumi kibati cha shaba ili mtu asipotewe na hesabu. Alijua uzito wa sanduku la theodolaiti, darubini ya shaba ya kupimia pembe, iliyobebwa na wanaume wawili kwa mpiko kama maiti. Yeye mwenyewe alipima kwa mwanga. Mashine yake hutupa mwanga kwenye kioo alichokishika Joab, mwanga ukarudi, na umbali ukasomeka kabla hujapepesa jicho.

Safu ile ya nyumba ilikuwa na viwanja ishirini, kila kimoja upana futi arobaini, kuanzia upande wa barabara ya Makupa mpaka kwa kina Dama. Ofisini kulikuwa na ramani zake mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mwaka thelathini na nne. Ya pili ilichorwa hamsini na moja, kwa kuwa bikoni nyingi za kwanza zilikuwa zimepotea chini ya nyumba za watu. Ndiyo iliyosajiliwa, na ndiyo iliyosema kwamba kiwanja cha Yazid kinaanza pale pale kwenye ukuta wa udongo. Kazi ya Saadia ilikuwa kuhakikisha tu. Aliikadiria nusu siku.

Akaanza kwenye bikoni ya mawe ya upande wa Makupa, ambayo haikuwahi kuguswa na mtu. Kiwanja cha kwanza kikapungua inchi tano. Hakushtuka, inchi tano kwa kazi ya zamani si kitu. Alipofika cha tano, upungufu ulikuwa umekuwa futi mbili. Cha kumi, futi nne.  Kosa la mwanadamu huyumba, mara huzidi, mara hupungua. Hili halikuyumba. Lilikwenda kwa mwendo mmoja, futi moja katika kila mia, nyumba baada ya nyumba, hata kwenye kiwanja cha ishirini likafika futi nane.

"Mashine imeharibika," alimwambia Joab.

Akabadilisha betri. Akafuta kioo. Akarudi kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Siku ya pili waliacha mashine, wakapima kwa utepe wa chuma, wakipiga magoti kwenye mitaro ya maji machafu. Futi nane.

Ramani ya thelathini na nne ilisema bikoni ya mwisho iko ndani ya kile ambacho sasa ni uwanja wa ghala. Yazid mwenyewe alikuja, mfanyabiashara wa Mji wa Kale mwenye kofia iliyopigwa pasi, akakubali saruji yake ichimbwe. Joab alichimba. Shimo lilipofika kina cha mkono mpaka kiwikoni, sururu iligonga zege, na katikati ya zege palikuwa na chuma kimesimama wima, kimepigwa nambari. Saadia alipangusa mchanga kwa kidole. Nambari ilikuwa ile ile ya kwenye ramani ya zamani.

"Maana yake nini?" Yazid aliuliza.

"Maana yake mpaka wako ni hapa. Si pale ukutani."

Yazid akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jawabu liko humo, akaivaa tena. "Subhanallah. Mimi nilinunua kwa ramani, binti yangu."

"Ramani ndiyo iliyokosa."

Saadia akavuka kwenda kwa Dama. Baadaye alijilaumu kwa jinsi alivyokwenda, mbiombio, uso umekunjuka, kama mtu apelekaye habari za arusi. Dama alikuwa akichagua mchele kwenye ungo.

"Mama, nyumba yenu haikuwa na kosa. Marehemu mzee alijenga ndani ya kiwanja chake. Zile futi nane zilikuwa zake. Waliokosea ni wapimaji."

Mikono ya Dama ikasimama juu ya mchele.

"Sema tena."

Saadia akasema tena, polepole.

"Basi Gunga alisema kweli," Dama akasema.

Aliuweka ungo chini, akaitazama mikono yake. Saadia alidhani atafurahi. Kilichokuja si furaha.

"Aliapa," Dama alisema. "Aliapa mbele ya ndugu zake kwamba chuma alikiona kwa macho yake kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Mimi nikamwambia, Gunga, mnyororo hauna chuki nawe, mwongo ni wewe. Nilimwambia mbele ya watu. Mtaa mzima ukamwita Mla-njia, eti amekula ardhi isiyo yake. Watoto wakamwimbia akipita. Akashindwa kukaa, akarudi kwao Kaloleni, nami nikabaki na huyu Kazungu mgongoni. Mwaka wa tatu ikaja habari kwamba amekufa." Akameza mate. "Sikwenda kumzika. Niliona haya kuwa mke wa mwizi."

 Saadia alikuja na futi nane, akakuta hiki.

Ndipo Dama alipotoa ukelele. Majirani walitoka mbio, wanawake wakifunga leso vichwani, maana ukelele wa namna ile watu huujua. Wakauliza ni nani, ni nani.

"Ni Gunga," Dama aliwaambia. "Gunga amekufa."

* * *

Jioni ile Saadia hakurudi nyumbani. Aliingia stoo ya ofisi. Mwenye kampuni, Bwana Dishon, alikuwa ameinunua kampuni pamoja na makabati yake yote, na humo mlikuwa na madaftari ya uwandani ya tangu enzi za mwenyewe wa kwanza, Mwingereza aliyeitwa Pinder. Kosa la futi moja katika kila mia Saadia aliweza kulisoma bila kuambiwa. Kulikuwa na mnyororo uliopungua pingili moja. Mnyororo mfupi huhesabu mia kabla mia haijatimia, na kila ukiutandika hubana ardhi kidogo. Aliyekaa mwisho wa safu ndiye abanwaye kuliko wote. Wengine walisogeza nyua zao futi moja, futi mbili, wakaambiwa ni kwa sababu wamejenga ovyo. Gunga hakuwa na pa kusogea.

Alitaka kujua ni mnyororo gani. Alilipata daftari kwenye kabati la tatu, limeliwa na mende pembeni. Tarehe. Mtaa. Mnyororo nambari tatu. Sahihi ya Pinder. Na chini yake, kwa mwandiko ambao Saadia aliufahamu kwa miaka ishirini na zaidi, mwandiko uliotia sahihi ripoti zake zote za shule: Kamaludin, mshika mnyororo.

Akalifunga. Akalifungua tena, kana kwamba jina lingeweza kuwa limebadilika.

Dishon alimkuta amesimama vile vile. Alikuwa amekwisha kusikia habari za chuma kutoka kwa Joab.

"Umefanya kazi nzuri," alisema, "lakini haitoshi. Ramani iliyosajiliwa haigeuzwi kwa chuma kimoja. Watasema chuma kilihamishwa. Tunahitaji mtu aliyekuwapo siku ile aape namna ilivyokuwa. Yuko aliye hai?"

"Yuko."

"Nani?"

Saadia akampa daftari. Dishon akavaa miwani, akasoma, kisha akaketi juu ya sanduku bila kulipangusa vumbi.

"Pole," alisema mwishowe. 

* * *

Kamaludin alikaa Kibokoni, katika nyumba ya urithi, chumba cha chini kinachotazama kichochoro. Tangu mkewe kufariki, Saadia alimpitia kila siku baada ya alasiri. Siku ya pili yake alimkuta anasoma gazeti, miwani imemteremka puani. Alikuwa na miaka sabini, mwembamba, kanzu yake haina doa.

Saadia alimbusu mkono kama desturi. Kisha hakuketi.

"Baba, mnyororo nambari tatu ulikuwa na pingili ngapi?"

Babake hakuuliza ni mnyororo upi. Hilo ndilo lililomtisha kwanza. Alilikunja gazeti mara moja, mara mbili, akaliweka gotini.

"Tisini na tisa," alisema.

 Njia nzima kutoka ofisini Saadia alikuwa amejiambia kwamba babake hajui.

"Wajua?"

"Najua." Akavua miwani. "Lori liliupitia pale Makupa. Pingili moja ikapindika haifai. Niliitoa, nikaunga pete kwa pete ili kazi isilale, na nia yangu ilikuwa jioni nitie nyingine. Jioni nikasahau. Nilikuwa kijana, na juma lile nilikuwa naoa. Tukapima Majengo siku tatu. Jumatatu niliutandika uani kwa ofisi, kati ya zile alama mbili za shaba tulizokuwa tukipimia minyororo. Ukapungua futi moja."

"Ukamwambia Pinder?"

"Saa ile ile. Alinitazama kitambo, akafunga mlango. Akasema ramani imekwisha kwenda. Akasema, mnyororo aliushika nani? Jina la nani limo daftarini? Ukifungua mdomo utafungwa wewe. Akanipa pingili mpya, akasimama juu yangu mpaka nikaitia."

"Pinder aliondoka nchi hii mwaka gani?"

"Sitini na tatu."

"Leo ni tisini na sita, baba."

"Hesabu naijua, Saadia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hiyo kumi na miwili ya kwanza naweza kumtwika yeye. Thelathini na mitatu iliyobaki ni yangu. Kila mwaka nilisema mwakani. Halafu ukaanza kusoma, ukaipenda kazi, watu wakawa waniambia hongera, binti yako amefuata nyayo zako. Nikaona nikisema, nitavunja na jina lako."

"Uliniambia mpimaji ni shahidi," Saadia alisema, na akajisikia anapaza sauti, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia. "Kila siku! Uliniambia afadhali mpimaji akatwe mkono kuliko aandike nambari asiyoiona!"

"Nilikwambia."

"Na usiku unalala?"

 Saadia akamweleza habari za Gunga, yote, jina la Mla-njia na watoto waliomwimbia, na maziko ambayo mkewe hakwenda. Alipofika hapo alimwona babake anageuka rangi. 

"Amekufa?" aliuliza hatimaye. "Mimi nilijua ni ukuta. Nilijiambia miaka yote hii, ni ukuta tu, mtu hujenga ukuta mwengine." Akainuka, akashika meza. "Nipe bakora yangu. Nipeleke."

"Sasa hivi?"

"Nikilala sitakwenda. Najijua."

* * *

Walifika Majengo magharibi haijaadhiniwa. Nje kwa Dama kulikuwa kumetandikwa mikeka, na wanawake wamekaa kama wakaavyo matangani. Kazungu aliwatolea viti. Kamaludin alikataa kuketi. Alisimama mbele ya Dama, bakora mkononi, akalitaja jina lake na kazi aliyokuwa akifanya, akasimulia habari za lori na pingili kama alivyomsimulia bintiye. Hakuruka kitu. Hakujitetea kwa Pinder. Wale wanawake waliacha hata kujipepea.

Dama alimwinulia uso.

"Wewe ndiwe uliyeniomba maji ya kunywa," alisema.

"Ndimi."

"Nikakupa."

"Ulinipa. Nilikunywa hapa hapa barazani."

"Siku ile ulikuwa wajua?"

"Siku ile sikujua, wallahi. Nilijua Jumatatu."

Dama akawa kama anayehesabu. "Na waliokuja kuvunja, walikuja lini?"

Saadia akamgeukia babake. Swali hili yeye, mtu wa nambari, halikuwa limempitia akilini. Alikuwa amedhani kwamba yote yalitukia kwa pamoja, mnyororo na ukuta na Jumatatu ile.

Kamaludin alitazama chini.

"Walikuja mwezi wa pili yake," alisema. "Siku ishirini na sita baadaye."

"Siku ishirini na sita," Dama alirudia. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa kwako. Nilishika fimbo. Ile nyekundu na nyeupe ya wapimaji." Akainua bakora kuelekea pembe ya nyumba. "Mimi ndimi niliyesimama kuwaonyesha pa kukata."

 Mbele ya macho yake Saadia alikuwa amemweka babake kijana aliyetishwa, aliyenyamaza mbali ofisini. Sasa alimwona amesimama kwenye kona ya nyumba ile, fimbo imenyooka, na Gunga akimtazama.

Kazungu aliruka. Alimkamata yule mzee kwa ukosi wa kanzu, kitambaa kikapasuka, bakora ikaanguka. Ghadhabu ya miaka arobaini na mitano ilikuwa imemvaa usoni. Wanawake wakapiga kelele. Saadia alitaka kuingia kati, na miguu ikakataa. Baadaye hakuweza kujua kama ilikataa kwa hofu au kwa sababu nyingine.

"Mwache," Dama alisema.

"Mama!"

"Mwache, Kazungu. Ukimpiga atanyamaza, na mimi nataka aseme." Akainuka kwenye mkeka kwa taabu, akaja karibu na Kamaludin, mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima. "Hizo futi nane kawaandikie unaotaka kuwaandikia. Mimi sina nguvu ya kujenga. Utakwenda Kaloleni. Utasimama mbele ya ndugu za Gunga, wote, wakubwa na watoto, uyaseme haya uliyoyasema hapa. Na hiyo fimbo pia. Hiyo usiifiche."

"Nitakwenda."

"Na mimi nitakuwapo. Nina yangu ya kusema."

* * *

Juma lile lile Kamaludin alikula kiapo mbele ya wakili, kurasa tatu, na Dishon akayapeleka maombi ya kusahihisha ramani. Yalichukua karibu miaka miwili kukubaliwa. Hakuna aliyemshtaki yule mzee. Saadia alikuwa amejitayarisha kwa hilo, na halikuja. Yazid alikwenda kwa wakili wake, akanuna mwezi mzima, kisha akaja ofisini na michoro yake ya ghorofa, akaibwaga mezani kwa Saadia. "Ipunguzeni," alisema. "Siwezi kumlaza mtoto juu ya kitu cha Mla-njia." Akajisikia alivyosema, akaomba radhi, akasema, "Juu ya kitu cha Gunga."

Kaloleni walikwenda mwezi wa Agosti, katika gari la Dishon. Kina Gunga walikuwa wamekusanyika zaidi ya arobaini, wengi wao wamezaliwa baada ya mambo yale, lakini wote walilijua lile jina la kuzomewa, maana hata huko lilikuwa limefika. Mkubwa wao alikuwa Katana, mdogo wa Gunga, mzee asiyesikia vizuri. Wageni walipewa maji. Kamaludin aliyashika asiyanywe.

Alisimama akasoma kile kiapo. Akasoma mpaka mwisho. Katana aliweka mkono nyuma ya sikio.

"Sikusikia," alisema. "Soma tena."

Akasoma tena, kwa sauti kubwa zaidi. Alipofika kwenye fimbo mama mmoja alianza kulia, na wengine wakamfuata. Katana akageuka kuwatazama watoto waliokuwa wamekaa nyuma kabisa.

"Na wale hawakusikia. Soma tena."

Mara ya tatu sauti ilimwisha katikati ya ukurasa wa pili. Saadia alisogea, akanyoosha mkono apokee karatasi amalizie yeye. Babake akatikisa kichwa, akazishika karatasi kwa nguvu mpaka zikajikunja, akaendelea kwa mnong'ono, neno kwa neno, na watu ikabidi wasogee kumsikiliza.

"Tumesikia," Katana alisema. Hakuna aliyempa Kamaludin mkono.

Kisha Dama akasimama. Alisema kwa Kigiriama, maneno machache. Saadia hakuyaelewa yote, lakini jina la Gunga alilisikia mara tatu, na aliona jinsi Katana, aliyekuwa hajatikisika tangu asubuhi, alivyofunika uso kwa kiganja. Walimpeleka Dama kaburini, nyuma ya minazi, na wageni hawakualikwa kufuatana nao.

Jua lilipogeuka Dishon aliwasha gari. Kamaludin alikwisha kupanda, macho mbele, kanzu imemlowa mgongoni. Kazungu alikuja peke yake.

"Mama haji," alisema. "Asema yeye ni mjane, ana siku zake za kukaa, na hakuzikaa."

"Atakaa mpaka lini?" Saadia aliuliza.

Kazungu akainua mabega. Alikuwa amechoka, na kwa mara ya kwanza hakumtazama Saadia kwa ukali. Aliomba tu apitishwe Majengo akachukue nguo za mamake na dawa yake ya presha, amletee kesho.

Saadia aliingia nyuma, si mbele karibu na babake. Walipofika Mazeras Dishon aliuliza kama kuna mwenye kiu. Dama alirudi Majengo mwezi wa Oktoba.